Kipimo Kwenye Ndoo ya Bluu

"Ljerka, simama! Waambie wenzako hizi namba ulizitunga wapi!"

Sauti ya bosi wetu, Dokta Vinko, ilitikisa ukumbi mzima. Vichwa thelathini vikanigeukia.

Na mimi huyo, kiti cha mwisho karibu na mlango, nikasimama!

Kwenye projekta, kubwa kama shuka, ulikuwa ukurasa wa daftari langu. Daftari ambalo asubuhi ile nililitafuta mezani nikalikosa.

Pembeni ya bosi alikaa Nives, ameinamisha uso. Mimi na Nives tunatumia ofisi moja. Nikajua papo hapo nani kalichukua.

Jamani, ngoja niwaeleze.

Nafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, kisiwa kimoja cha Bahari ya Adriatiki. Kila Desemba tunakusanyika kusomewa shughuli za mwaka. Machi tulipima majani ya baharini. Mei tulihesabu pomboo. Septemba wapiga mbizi walishuka kutafuta chaza walio hai, wakapata watatu tu. Watu wanapiga makofi, kisha tunakula samaki mkavu na viazi, kila mtu anakwenda zake.

Kazi yangu mimi haipigiwi makofi. Kila siku saa moja asubuhi nateremka gatini, natupa ndoo, nachota maji, natia kipimajoto, naandika. Mvua, upepo, sikukuu, sijali. Kazi hiyo ilianza kabla sijazaliwa na haijawahi kurukwa hata siku moja.

Mwisho wa kila mstari kuna nafasi imeandikwa "Mengineyo." Ni ya kuandika upepo, au kiwavi-bahari akionekana.

Mimi niliigeuza kuwa shoga yangu.

Msinicheke. Mimi ni mtu wa bara, nimetoka Slavonia kwenye mashamba ya mahindi, nimekuja na mkataba wa mwaka mmoja. Kila saa nne asubuhi korido inakuwa tupu. Wote wanakwenda marenda, chakula cha kati ya asubuhi, ambacho hapa pwani hakikosi mtu. Nasikia vijiko, nasikia vicheko. Mimi na mkate wangu mezani.

Mwaka mzima hakuna aliyenigongea mlango akasema, "Ljerka, twende." Hata mmoja!

Basi nikawa naliambia daftari.

Sasa turudi ukumbini.

"Julai yote watu wanaogelea," bosi akaendelea. "Mashine yetu inasema maji yana nyuzi ishirini na saba. Huyu kaandika kumi na sita! Siku tisa mfululizo! Wenzetu wa ng'ambo wameona namba mbili hazipatani, wameirudisha ripoti yetu, wanatucheka!"

"Bosi, upepo ulivuma wiki nzima. Ulisukuma maji ya moto nje, ya baridi yakapanda kutoka chini. Niliyagusa kwa mkono wangu!"

"Mashine hailali usingizi, Ljerka. Mtu analala."

Watu wakaguna.

"Mkataba wako unaisha tarehe thelathini na moja. Sioni sababu ya kuuongeza. Na tazameni alichokuwa anafanya badala ya kupima!"

Akasoma kwa sauti:

"'Leo tena nimekula peke yangu. Shakwe kaniangalia, nikampa mkate.'"

Wuu! Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

Nilitamani ardhi inimeze. Namba zangu wangezikataa ningevumilia. Lakini ule mstari ulikuwa wangu!

Ndipo akasimama Barba Jere, yaani Mjomba Jere kwa watu wa pwani hii, nahodha wa boti yetu, mzee ambaye hata bosi anamsikiliza. Akavaa miwani polepole.

"Vinko mwanangu, soma mstari wa juu yake."

"Upi?"

"Huo unaouruka."

Bosi akasogea karibu na ukuta. Akasoma. Sauti ikaanza kumpungua.

"'Kipimo cha mashine bado kimo kwenye ndoo ya bluu, kibandani. Siku ya tisa.'"



Ile mashine inakaa chini ya gati. Kila mwezi inapandishwa, inabanduliwa kome na uchafu, inawekwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi isikauke, halafu inarudishwa baharini saa hiyohiyo. Kazi ya Nives hiyo.

Julai haikurudishwa. Siku tisa mashine ilikuwa inapima ndoo! Ndoo iliyokaa kwenye kibanda cha bati, kiangazi kikali!

"Tumeripoti joto la ndoo?" mtu akauliza nyuma. Vicheko tena. Safari hii hawanicheki mimi.

Nikamwangalia Nives. Moyoni nikasema, umeumbuka, dada. Nilifurahi, nisiwadanganye.

Lakini Barba Jere hakucheka.

"Siku ya tisa, binti? Uliiona siku zote hizo hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, Barba? Nani hapa anaongea na mimi? Hata marenda hamjawahi kunikaribisha!"

"Kukaribishwa?" Akavua miwani. "We mtoto, kwani ulikuwa unasubiri kadi? Kwetu marenda haina mwaliko. Anayeitwa ni mgeni. Mtu wa nyumbani anavuta kiti. Chako kipo pale tangu Januari! Tulidhani sisi tunaonuka samaki tunakutia kinyaa."

Mwaka mzima... kiti kilikuwa kinanisubiri, na mimi nasubiri mtu.

Nives akasimama.

"Niliisahau kweli," akasema. "Wiki ile mama alikuwa mahututi kwetu Zadar, mji wa ng'ambo ya maji. Kila jioni napanda feri kwenda, alfajiri narudi kazini. Alifariki tarehe ishirini. Nilipoikumbuka ndoo, nikairudisha mashine nikanyamaza. Na bosi alipolitaka daftari nikampa. Niliogopa kufukuzwa. Nisamehe, Ljerka."

Hakuna aliyejua. Watu thelathini, hakuna!

"Tumekaa mgongo kwa mgongo miezi kumi na miwili," akaniambia. "Nilidhani huoni kuwa nalia."

Wapendwa, hapo ndipo nilipokufa.

Kwa sababu ukurasa ulikuwa bado ukutani, na mstari wa chini kabisa hakuna aliyeusoma. Nilimwona Nives akigeuza kichwa. Nilimwona anausoma, neno kwa neno:

"Macho ya Nives yamevimba tena leo. Sijamuuliza."

Alichukua koti lake, akatoka.

Mkataba wangu uliongezwa miaka miwili. Bosi aliniomba radhi mbele za watu. Januari Nives akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi Zadar.

Siku hizi saa nne nakwenda marenda. Navuta kiti, nakula dagaa wa kukaanga, Barba Jere ananitania mahindi yetu ya bara. Pembeni yangu kuna kiti kitupu, na ofisini mgongo wangu hauna mgongo wa kuegemeana nao.

Nilijiona ndiye mpweke kuliko wote pale. Kumbe mpweke mwenzangu alikuwa hatua moja nyuma yangu, na nilikuwa namwandika tu kama hali ya hewa. Ukiona macho ya mwenzako yamevimba, funga daftari. Geuka, umuulize.

Kila siku saa nne kabla sijashika kijiko namtumia Nives meseji moja: "Umekula?"

Miezi miwili hajajibu.

Jana tiki ziligeuka bluu. Juu ya skrini ikatokea "anaandika..." Nikaacha kutafuna.

Ikapotea.

Leo nimetuma tena.