Marahaba Maporomokoni

Kadiri walivyoyasogelea maporomoko, ndivyo yalivyozidi kunyamaza. Kule chini kwenye migomba yalivuma kama lori linalopanda mlima. Sasa yako mbele ya macho yao, meupe, yanaangukia mawe, na mtu anaweza kusikia nzi akipita.

"Yamechoka kupiga kelele," alisema Yunus, akacheka peke yake.

Huyu Yunus ni fundi pikipiki pale Same mjini, na mdomo wake ungekuwa injini, wilaya nzima ingepata umeme. Njia yenyewe ni nyepesi, kivuli tele, hata bibi mwenye mkongojo anafika, lakini yeye alitembea kama anakwea Kilimanjaro. Nyuma yake mkewe Zaituni na kikapu cha chapati. Mkono wake mwingine umemshika binti yao Fadhila, wa darasa la kwanza. Mbele alikuwa Koleta, mama wa kijiji cha juu anayepitisha wageni.

"Maji haya ni ya masika tu," Koleta alinong'ona. "Kiangazi huoni tone. Ila baba Fadhila, ukisalimiwa hapa na usiyemwona, usiitikie."

"Mama, mimi hata jiwe likinisalimia naitikia. Nililelewa."

"Shikamoo, baba," ilisema sauti ya mtoto nyuma yake.

"Marahaba." Ilimtoka tu, kama inavyomtoka kila mzazi, kabla hajageuka.

Nyuma hapakuwa na mtu; Zaituni na Fadhila walikuwa wameshampita, wako ukingoni mwa maji.

"Baba, si mimi," Fadhila alisema.

Koleta alishika kichwa. "Umemkubali. Hakuwa na baba, sasa anaye. Na atataka nafasi ya mtoto wako. Tushuke."

Walishuka mbio, Yunus amemshika Fadhila mkono, Zaituni akisoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona, na harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi, ikawafuata kila kona, na mkono wa Fadhila ndani ya kiganja cha Yunus ukaanza kupoa, kisha ukalowa, kisha ukalegea kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo, na alipomwita jina lake, mtoto aliyemshika alitabasamu tu bila kufungua mdomo, na sauti ya Fadhila ikaitika "Abee, baba" kutoka mbali, kule juu, nyuma ya maji.

Zaituni alikaa chini njiani. "Yunus. Mrudishe mwanangu."

"Kuna njia moja," Koleta alisema, bila kumtazama. "Mwamkie wewe. Akiitikia, si mwanao tena, ni mkubwa wako. Atamwachia mtoto."

"Na mimi nitakuwa nani wake?"

"Unajua mwenyewe shikamoo inavyokwenda."

Alijua. Bingwa wa gereji akarudi juu akimvuta yule mtoto mwenye tabasamu, akachuchumaa mbele ya maji, na kwa sauti ambayo wateja wake hawajawahi kuisikia, akasema, "Shikamoo."

Maporomoko yakarudisha mvumo wote kwa mpigo, na ndani ya mvumo huo sauti nzito ya mzee ikajibu taratibu, kama anayefurahi, "Marahaba, mwanangu."

Mkono wa Fadhila ukapata joto. Akaanza kulia, na Yunus hakuwahi kupenda kilio namna ile.

Gerejini alisimulia jinsi alivyomkunja jini shati. Watu wakacheka, naye akacheka zaidi. Nyumbani Zaituni alimuuliza swali moja tu, chini chini: "Yale maji yakikauka, yeye anaenda wapi?"

"Nyamaza, mke wangu."

Kiangazi kikaingia. Upepo ukapuliza vumbi Same nzima, mabomba yakakohoa hewa, na milimani maporomoko yakabaki mawe matupu. Alasiri moja Yunus alikuwa anakula, Fadhila akaingia kutoka barazani.

"Baba, kuna babu mlangoni, kalowa chapachapa. Anasema kwake kumekauka, amekuja kukaa kwa mwanawe."