Makabuti Mawili

Mara ya kwanza Kaari kumwona mwalimu Mbaabu, alikuwa amesimama katikati ya soko la Meru, kuku kamning'iniza miguu juu, macho kayaelekeza kwenye mawingu. Ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wengi kama siafu. Wanawake wenye mizigo ya ndizi na viazi vikuu walimpita kushoto na kulia wakimsonya, naye hana habari. Alipoanza kutembea, alitembea kinyumenyume, bado ameangalia juu, hadi akaigonga cherehani iliyokuwa barazani pa duka la mfanyabiashara aliyeitwa Hersi. Kuku akaona nafasi yake, akaponyoka.

"Samahani, mama," akaiambia cherehani.

Kaari alikuwa nyuma ya cherehani hiyo, amevaa gauni la maua ya manjano alilojishonea mwenyewe, kitambaa cheupe kichwani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama mwenyewe yuko huku, mwalimu. Na kuku wako yuko kule kwa wauza ndizi."

"Umejuaje kuwa mimi ni mwalimu?"

"Una chaki masikioni. Na hiyo tai, mbona umeifunga kiunoni?"

Mbaabu alijitazama. Suruali yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi vizuri, ila ilishikiliwa na tai nyekundu. "Mshipi ulipotea," alisema.

"Na shingoni je?"

"Shingo haidondoki," alijibu, bila mzaha wowote.

Hapo ndipo mambo yao yalipoanzia.

Mbaabu alikuwa mtu wa kutajwa. Alikuwa amesoma hadi Makerere, na ukimtajia tarehe yoyote ile alikwambia ilikuwa siku gani kabla hujafumba mdomo. Wazungu wa misheni alikofundisha walimletea hesabu zilizowashinda, akazitegua huku akila mahindi. Lakini mtu huyohuyo alimimina chai kwenye kisahani kisicho na kikombe. Aliwahi kuingia darasa ambalo si lake, akafundisha mpaka kengele ikalia, akatoka akilisifu kwa ukimya wake. Mara moja alipanda lori la Hersi akidhani linakwenda mji wa Maua, akajikuta Embu. Aliyempandisha alikuwa Kirimi, kakake Kaari, tanboi, msaidizi wa dereva wa lori lile, na Kirimi alijua fika mwalimu anakokwenda.

"Mbona hukumwambia?" Kaari alimgombeza ndugu yake.

"Nimwambie nini, na alikuwa ananieleza kwa nini mwezi hauanguki? Dada, huyu shemeji mimi nimempenda. Ukimwacha wewe, nitamwoa mimi."

Kirimi alikuwa kijana wa maneno mengi na mluzi mmoja. Kila lori lilipokata kona kuingia mjini alipiga mluzi wake, mfupi, mrefu, mfupi, ili dada yake ajue amerudi salama. Siku hizo kurudi salama halikuwa jambo dogo. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa imetanda Meru na Embu yote. Watu walikuwa wamehamishwa kwenye vijiji vya kuzungushiwa mitaro, kafyu ilianza jua likiwa bado linaonekana, na Mmeru au Mwembu hakuvuka kizuizi cha askari bila pasi yenye jina lake na picha yake. Wengine waliondoka asubuhi kwenda shambani, na hawakuonekana tena.

Katikati ya hayo, mapenzi yalikua. Duka la Hersi lilikuwa na simu, na huko misheni kulikuwa na nyingine.

"Kaari! Mwendawazimu wako!" Hersi aliita, akinyoosha mkono wenye simu.

"Haloo, mpenzi."

Kimya.

"Mbaabu?"

"Nimesahau nilichotaka kusema."

"Basi sema ulichokumbuka."

"Nimekumbuka kwamba nakupenda."

"Hicho ndicho ulichotaka kusema, mwendwa wangu."

"Kumbe! Basi kwaheri." Akakata.

"Walahi, simu hii ni ya biashara," Hersi alinung'unika, lakini alikuwa anatabasamu ndani ya ndevu zake.

Mvua za baridi zilipokaribia, Hersi alileta makabuti ya jeshi yaliyokwisha kutumika vitani. Kirimi akachukua moja, Mbaabu akachukua moja. Yote mawili yalikuwa marefu mno, na Kaari ndiye aliyeyakata. Aliyawekea vifungo vya aina moja, vyeusi, kwa kuwa ilimfurahisha kuwaona wanaume wake wawili wamefanana.

"Utaweka alama gani kwenye lako usilipoteze?" alimuuliza Mbaabu.

"Sihitaji alama. Nitakumbuka."

Asubuhi moja ya ukungu, wanaume hao wawili walikunywa chai pamoja katika hoteli iliyo mkabala na duka. Makabuti waliyatundika kwenye misumari ukutani. Mbaabu alikuwa anamweleza Kirimi kwa nini ukungu hukaa bondeni, mara akanyamaza, akasimama na kutazama mbele kama mtu aliyeitwa na asiyeonekana. Alitwaa kabuti akaenda zake. Kirimi alicheka, akamaliza chai ya wote wawili, akatwaa lililobaki na kuruka juu ya lori. Dereva, Msomali aliyeitwa Mursal, akalitia moto kuelekea Gachoka, upande wa Embu, na mzigo wa chumvi na sukari.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, simu ililia. Hersi aliipokea, na Kaari aliona uso wake unabadilika rangi.

"Ndiyo, lori ni langu... Nani? Hapana, bwana, huyo si mtu wa lori, huyo ni mwalimu..." Akanyamaza, akisikiliza. Kisha akaiweka simu taratibu, kana kwamba ingeweza kuvunjika.

"Hersi, kuna nini?"

"Kaa chini, dada."

"Nimekaa."

"Kule Gachoka, kwenye kizuizi. Wanasema mtu aliruka kutoka kwenye lori akakimbia. Wamempiga risasi. Mursal wamemzuia. Wamesoma pasi ya maiti. Ni Mbaabu. Lazima alipanda lori tena bila kujua liendako."

Kaari hakulia kwa sauti. Aliendelea kukanyaga cherehani, sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa kilichokuwa kimekwisha kushonwa. Ndivyo alivyo, aliwaza. Ndivyo alivyo, amepanda tu, na walipomuuliza anakwenda wapi hakuwa na jibu. Alimwazia Kirimi pia, akajifariji kwamba amezuiliwa pamoja na Mursal, na kwamba kaka yake angemweleza siku moja mpenzi wake alisema nini mwishoni. Wanawake wa sokoni walikuja wakamzunguka, mmoja akamfunga leso kichwani.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipotawanyika ghafla, mmoja akipiga kelele. Kaari aliinua macho. Mbaabu alikuwa anakuja kupitia katikati ya soko, na watu wakimpisha kama wanavyompisha mzimu.

"Kwani leo nimevaa nini," aliuliza, akijikagua kwa wasiwasi, "mbona wananikimbia?"

Kaari aliiruka cherehani. Hakujua alivyofika. Alijikuta amemkumbatia shingoni mbele ya soko zima, anacheka na kulia, anamshika masikio, anaita, "Mbaabu! Mbaabu wangu! Asante Mungu, asante Mungu, si wewe!" Hakuwahi kuijua furaha ya namna hiyo tangu azaliwe.

"Si mimi nini?" Mbaabu alisema, akicheka naye asijue sababu. "Nimekuja kumrudishia Kirimi kabuti lake. Jana nilichukua lake kwa makosa. Pasi yake imo humu mfukoni, na yangu nadhani anayo yeye."

Mikono ya Kaari ilikuwa bado shingoni mwake. Iliganda hapohapo.

Mbaabu alikuwa mwepesi wa kufikiri kuliko watu wote wa Meru. Alimtazama Kaari usoni, akamtazama Hersi, akaiona leso ya msiba, na hakuna aliyelazimika kumwambia chochote. Alilivua lile kabuti, akalikunja polepole, kisha akashindwa kujua aliweke wapi. Kaari aliishusha mikono. Aligeuka akaingia dukani, akajifungia stoo ya majora ya kitambaa, na Mbaabu alipogonga akamwambia, "Nenda. Nakuomba, nenda."

Akaenda.

Siku chache baadaye Mursal aliachiliwa, akaeleza yote. Askari alimuuliza kijana jina lake, naye akasema Kirimi. Pasi ikasema Mbaabu. Mtu wa majina mawili wakati ule alikuwa gaidi. Waliposhika kamba ya kumfunga, alikimbia. Hakuna aliyejali kuilinganisha picha na uso. Wakamzika kichakani, kwa jina lile la kwenye pasi.

Na Mbaabu? Walisema hakuonekana tena misheni. Amekimbia, watu walisema, aibu imemkimbiza. Kaari aliwasikia, akaamini.

Hakuna aliyejua kilichokuwa kikimla. Watu walidhani anamchukia mwalimu. Lakini kila asubuhi alipokaa kwenye cherehani, alijiona tena barazani pale, amemkumbatia mwanamume hai, anamshukuru Mungu kwa kifo cha ndugu yake. Kila lori lilipokata kona kuingia mjini, mguu wake ulisimama wenyewe, akasikia mluzi, mfupi, mrefu, na ule wa tatu haukuja. Mama yao alikuwa anauliza, "Yule rafiki yake msomi hajaja kutupa pole?" Kaari alijifanya hakusikia. Wachumba walikuja, akawakataa. Miaka ikapita hivyo, mitaro ya vijiji ikaanza kuota majani, na kafyu ikalegea.

Ndipo simu ikalia tena. Hersi, ambaye ndevu zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, alisikiliza, akamtazama Kaari kama aliyesikia sauti kutoka kaburini.

"Ni yeye," alisema.

Kaari alitaka kukataa, lakini mkono ulikwisha kuipokea.

"Haloo."

Kimya kirefu.

"Umesahau tena unachotaka kusema?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

"Sikusahau. Kaari, nimepata mahali alipolala. Nafundisha Kanja siku hizi, huku Embu. Njoo Embu mjini, nitakungoja kituo cha mabasi."

"Ulikimbia, Mbaabu."

"Sikukimbia. Siku ile nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa wilaya kuwaambia wamekosea, watupe mwili. Nilikwenda na pasi ya Kirimi mkononi, sina nyingine. Nikawaambia mimi ndiye Mbaabu. Wakafungua kitabu chao, wakaniambia Mbaabu amekufa, wewe unayejidai maiti ni nani? Wakanitia kizuizini. Juzijuzi ndipo walipoamini kwamba niko hai." Akavuta pumzi. "Hata mpumbavu angekwenda na shahidi. Mimi sikufikiria."

Kaari alikaa chini sakafuni, simu ikiwa sikioni.

Alimkuta Embu kituoni, amekonda, nywele zimeingia mvi, shati lake limefungwa vifungo visivyokutana na matundu yake. Kaari alitaka kuvifungua na kuvifunga upya, akajizuia. Walisafiri hadi Gachoka bila kusema mengi. Huko kwenye nchi kavu ya Wambeere, vichaka vya miiba na ardhi nyekundu, aliwapokea mfugaji aliyeitwa Salesio. Yeye ndiye aliyelazimishwa kuchimba kaburi. Aliwaongoza nyuma ya mbuzi wake hadi penye lundo la mawe.

"Nilileta mawe mwenyewe, fisi wasimguse," alisema. "Na kila nikipita hapa humsalimu, nisimwache mpweke. Nilisikia jina lake likisomwa." Akainama kwenye mawe. "Hujambo, Mbaabu. Leo umepata wageni."

Mbaabu alirudi nyuma hatua moja.

"Baba," Kaari alisema kwa upole, "huyu ni kaka yangu. Anaitwa Kirimi. Mbaabu ndiye huyu."

Mzee alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Miaka yote hii nimemsalimu kwa jina la mtu mwingine?" Akavua kofia. "Maskini. Ndiyo maana sikuwahi kuhisi ananijibu." Kisha akawapungia mbuzi wake fimbo, akasogea kando kuwaacha wawili.

Kaari alikaa juu ya ardhi nyekundu. Alisema bila kumtazama Mbaabu, "Unajua kwa nini nilikufukuza?"

"Kwa sababu nimemuua."

"Hapana. Kwa sababu nilifurahi. Niliposhika shingo yako nilifurahi, Mbaabu, sijawahi kufurahi vile, na yeye alikuwa amelala hapa. Nilimshukuru Mungu kwamba si wewe."

Upepo ulipita miibani.

"Nilisikia," Mbaabu alisema. "Kule kizuizini nilipokata tamaa niliikumbuka sauti yako ile, ukiita jina langu. Niliishi kwayo. Na kila mara niliona aibu, kwa sababu nilijua imenunuliwa kwa bei gani." Aliketi karibu naye. "Nimetafuta hesabu ambayo ndani yake sisi watatu tunarudi nyumbani. Nimeitafuta kila siku, Kaari. Haipo."

Alikuwa analia, mtu yule aliyetegua kila kitu, kamasi zikimtiririka kama mtoto. Kaari alinyoosha mkono, akavifungua vile vifungo vya shati, kimoja kimoja, akavifunga upya mahali pake.

"Haipo," alisema. "Basi turudi wawili."

"Unasema nini?"

"Nasema uje nyumbani umwone mama. Utamweleza mwenyewe, yote. Akikufukuza, nitatoka nawe. Asipokufukuza, utaniposa kama watu wanavyoposa."

"Na yeye?" Mbaabu aliyageukia mawe.

"Yeye tutaishi naye. Umewahi kuniona nikiishi bila yeye?"

Walisimama. Mbaabu aliweka jiwe moja juu ya mengine, akasema jina la Kirimi, mara moja tu, kwa sauti isiyo na uhakika. Kisha wakashika njia. Hawajafika mbali walimsikia Salesio nyuma yao akirudi na mbuzi wake, kengele zikilia.

"Hujambo, Kirimi," mzee alisema.

Kaari alisimama njiani, mkono wa Mbaabu ukiwa mkononi mwake, akatega sikio kama anayengoja mluzi.