Pa Kufikia

Lahsen alikuwa na ufunguo mkononi, lakini alibisha hodi. Aligonga mlango, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kama mtu anayempa mwenye nyumba nafasi ya kujitanda. Ndipo akafungua.

"Kuna watu humu?" aliuliza Ihssane.

"Watu watoke wapi, dada? Nyumba nzima yenu."

"Sasa hodi ya nini?"

"Mazoea tu," alisema Lahsen. Alikuwa amebeba mabegi yao kutoka kituo cha mabasi, akijisifu njia nzima, lakini alipofika kizingitini aliyatua, akasema kiuno kimemkamata ghafla. Hakutia mguu ndani.

Siku nyingine Ihssane angemhoji zaidi. Ni mwanamke mkali. Wateja wa duka la dawa analofanyia kazi kule Settat wanamjua. Ila siku hiyo alikuwa amechoka, na isitoshe alikuwa ameshinda. Kwa muda mrefu yeye na mama yake, Lalla Tamou, walikuwa wakivutana juu ya pa kufikia huko Swira, mji wa pwani, siku za tamasha la muziki. Mama alitaka wafikie kwa Rkia, shoga yake wa tangu utotoni, anayekaa mtaa mpya nje ya Swira, mbali na ngome na mbali na kelele. Ihssane hakutaka kusikia.

"Na magoti hayo, mama? Utoke kwa Rkia hadi jukwaani, usimame, urudi? Siku za tamasha teksi huipati hata ukiililia. Tutapata nyumba palepale uwanjani, utasikiliza umekaa kwenye mto."

"Rkia atanuna."

"Mwache anune. Tutampelekea keki."

Na kweli mji ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wanapangisha hadi mapaa, na vijana kutoka Moroko nzima walikuwa wanalala ufukweni. Halafu Lahsen, mmoja wa wale madalali wanaosimama njiani wakitikisa funguo, akawapa nyumba iliyoegemeana na uwanja wa tamasha kwa bei ya siku za kawaida. Ihssane aliona amepata bahati. Bahati ya namna hiyo mimi ningeikimbia.

Ndani kulinukia ubani. Haukuwa ubani wa zamani ulioganda kwenye mapazia; ulikuwa mbichi, wa moto, kama chetezo kimeondolewa sasa hivi. Ihssane alitafuta chetezo, hakukiona. Alifungua madirisha yote, upepo wa Swira ukaingia na kupeperusha hadi mikeka, ukatoka, harufu ikabaki. Juu kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa, na ufunguo wake haukuwamo kwenye kishada alichoachiwa.

Jioni walikaa kula dagaa wa kukaanga na mkate. Nje matoazi ya chuma yalikuwa yameanza kulia, na chini yake lile gimbri, zeze la nyuzi tatu lenye sauti nzito inayoingilia tumboni kabla ya masikio. Lalla Tamou alikuwa na furaha ambayo mwanawe hakuwahi kuiona. Mumewe alifariki wakati wa baridi, na eda ilikuwa imekwisha. Alipokuwa hai, muziki wa Wagnawa, wapigaji wa ngoma za pepo, ukilia redioni alikuwa akiizima.

"Unajua kwa nini baba yako alikuwa anazima?" alisema. "Mimi nilikuwa kiti."

"Kiti cha nani?"

"Cha Bibi wa Manjano. Nilikuwa msichana, mdogo kuliko wewe. Ngoma yake ikipigwa ananipanda, sijijui, nacheza hadi mwisho, naamka mwepesi. Baba yako aliponioa akasema nyumbani kwake hapigiwi mtu ngoma. Nikaacha. Lakini hatukuagana."

"Na nani? Na baba?"

"Na Bibi," alisema Lalla Tamou, akaendelea kuchambua miiba ya dagaa.

Ihssane hakujua acheke au akasirike. Angejua hayo mapema, asingemleta mama yake Swira hata kwa kukokotwa. Alikuwa anavunja mkate pale mama yake alipoacha kutafuna.

"Huo ni wake," alinong'ona.

Nje wimbo ulikuwa umebadilika. Na juu yao, katika chumba kile kilichofungwa, mtu alianza kucheza. Haikuwa panya wala upepo. Zilikuwa nyayo peku za mtu mzima, zinashuka sakafuni sawasawa na mapigo ya gimbri, zikizunguka chumba, zikiongeza kasi kadiri wimbo ulivyopanda, hadi vumbi la chokaa likaanza kudondoka kwenye sahani ya mkate.

Ghafla wimbo ulikatika. Muda wa kundi lile jukwaani ulikuwa umekwisha. Watu wakapiga makofi, mtangazaji akaita kundi jingine. Juu, mguu mmoja ulishuka. Ihssane alisubiri kuusikia wa pili. Alisubiri huku ameshika tonge, na mguu wa pili haukushuka.

"Wamemkata," alisema mama yake kwa uchungu. "Wimbo wa wenyewe haukatwi. Ukimwita akainuka, umchezeshe hadi mwisho, ndipo arudi kwake."

"Ni majirani, mama."

"Majirani," alikubali Lalla Tamou, ili kumpa mwanawe amani.

Asubuhi mama alikuwa amejifunga kitambaa cha rangi ya manjano kichwani. Alisema amekikuta kitandani, na kwamba usingizi wake ulikuwa mzuri sana. Fimbo yake ilikuwa imeegemea ukutani, naye alikuwa anamenya machungwa jikoni amesimama.

Ihssane alitoka kama mtu anayekwenda kununua maziwa. Alizunguka mji mzima akitafuta pengine pa kulala. Hoteli zilimcheka. Mwanamke mmoja alimwonyesha paa lenye magodoro yaliyobanana, akamwambia hata hapo asubiri mtu aondoke. Alasiri ndipo alipompata Lahsen kwenye mkahawa, akiwa na glasi ya chai, akamsimamia mbele.

"Kwa nini ulibisha hodi?"

"Dada, si nilikwambia..."

"Lahsen, mama yangu ana magoti mabovu, na leo ameamka hana fimbo. Niambie, au nipige kelele mkahawa mzima usikie."

Lahsen aliweka glasi chini. "Nyumba ina wenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mzima wametulia, wallahi, ukibisha hodi hawana neno. Lakini siku za tamasha hawapati raha. Wanaitwa na spika, wakiinuka wanakatwa. Wanaitwa, wanakatwa. Sasa wewe fikiria ungekuwa wewe."

"Na ukanipangishia!"

"Ulitaka karibu, dada. Karibu hakukuwa na nyingine."

Ihssane alimpigia simu Rkia. Alitegemea kununiwa; alipata matusi. "Nyumba ile? Iliyoegemea uwanja? Mjuaji wewe, na masomo yako yote! Mtoe Tamou kabla ya magharibi. Usikusanye mizigo, mtoe tu!"

Alikimbia. Lakini maandamano ya makundi yalikuwa yamejaza njia, wanaume wenye kofia za simbi wanaruka na kuzungusha vishada vyao, ngoma zinapasua kifua, watu wameinua simu juu, na kila alipopenya alirudishwa nyuma, akasukuma, akaomba, akalia, akampiga mtu kiwiko asimjue ni nani, na jua lilikuwa tayari limegusa bahari na adhana imekwisha kuadhiniwa pale alipoufikia mlango, akaingiza ufunguo mara haukuingia, mara ukaingia, na kabla hajaufungua akasikia kutoka jukwaani gimbri likianza polepole, kama mtu anayeita jina la mwenzake akiwa na hakika ataitikiwa, wimbo wa jana.

"Mama!"

Fimbo ilikuwa palepale ukutani. Chumba cha juu kilikuwa wazi.

Alipanda ngazi ambazo mama yake asingeweza kuzipanda hata kwa kushikwa mikono, na moshi wa ubani ukamkabili ukiwa mzito hadi akaupangua kwa mkono, na ndani ya moshi huo Lalla Tamou alikuwa anacheza, peku, nywele zimefumuka, mabega yanaruka kama ya msichana, anacheka kicheko ambacho Ihssane hakukijua, na kuzunguka naye, sakafuni, zilisikika nyayo za mtu mwingine asiyeonekana, zikikanyaga pale alipokanyaga, wala Ihssane hakuthubutu kuvuka mlango, akabaki amejishikilia kwenye fremu akisoma aya alizozikumbuka na akikosea, huku wimbo unapanda, unapanda, hadi akaanza kumwomba Mungu uishe.

Ukakatwa.

Makofi yalisikika nje. Lalla Tamou alibaki amesimama kwa mguu mmoja. Mwingine ulikuwa hewani, goti limekunjwa, vidole vimeelekea chini, na haukushuka. Macho yalikuwa wazi. Ihssane alimwita, akamtikisa, akamvuta ule mguu kwa nguvu zake zote. Ulikuwa mgumu kama wa meza. Nyayo zile nyingine hazikusikika tena mahali popote chumbani.

Watu walioitika kilio chake walimbeba vilevile alivyo, wakamlaza kwenye mkokoteni wa mizigo, wakamfunika shuka. Mguu uliinua shuka kama mlingoti. Njiani vijana walicheka wakidhani ni sehemu ya tamasha, na mmoja alipiga picha. Ihssane alitamani kumrarua.

Kwa Rkia hakukusikika spika. Kulikuwa na nyenje tu, na mbwa. Rkia hakununa wala hakusema lolote kuhusu keki; alimkumbatia Ihssane, akafunga madirisha, akaenda kumleta Fundi Faraji, mpiga gimbri ambaye marehemu mume wa Rkia alikuwa akimpigia matoazi. Fundi aliingia akiwa bado amevaa joho la jukwaani, jasho halijamkauka. Alimtazama Lalla Tamou kwa muda, akakaa chini kwa uzito.

"Ni mimi niliyekata," alisema. "Waliniwashia taa nyekundu, muda umekwisha. Nisamehe, binti yangu."

"Usiniombe msamaha. Mrudishe."

Alipiga. Aliuanzia wimbo pale ulipokatiwa, bila haraka, na Rkia akatupia ubani kwenye makaa. Mguu ulianza kutikisika. Kisha Lalla Tamou akainuka, akacheza, na katikati ya kucheza fundi akauliza kwa heshima, bila kuacha nyuzi:

"Bibi, wimbo wako huu, nakupa wote. Ukiisha utarudi kwako?"

"Kwangu wapi?" Sauti ilikuwa nyororo, ya utani. "Kwangu si mmepangisha? Mnataka nami nikalale ufukweni?"

Rkia alishika mdomo. Fundi Faraji alilazimisha tabasamu. "Tutakutafutia, Bibi. Asali utapata, nguo ya manjano utapata, kila mwaka wimbo mzima. Mwache huyu. Ni mzee, amechoka."

"Najua amechoka. Nimemuuliza mwenyewe."

Wimbo ukafika mwisho wake, mwisho wa kweli, gimbri likanyamaza lenyewe, na Lalla Tamou akashusha mguu sakafuni polepole, akakaa, akapepesa macho. Akasema ana njaa. Ihssane alimwangukia mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto, na mkono wa mama ukampapasa nywele.

"Ametoka?" Ihssane alimuuliza fundi mlangoni.

"Wimbo umeisha," alijibu Fundi Faraji, akiinama kuvaa viatu. Hakumtazama usoni.

Walirudi Settat. Jirani zao wanasema hadi leo kwamba hewa ya bahari ni dawa, maana Lalla Tamou aliyeondoka kwa fimbo sasa anapanda ngazi na mtungi wa gesi begani. Anaimba jikoni. Anapenda manukato na vitu vitamu. Hamkemei tena Ihssane akichelewa, wala hamuulizi ataolewa lini, na Ihssane, aliyeyachukia maswali hayo miaka yote, alijikuta anachelewa makusudi, akisimama mlangoni akingoja ayasikie.

Ijumaa moja, mchana kweupe, mama alikuwa anapitisha mkono kwenye unga wa kuskusi, redio inaongea. Ihssane alimtazama kwa muda mrefu. Shingo ilikuwa ileile, mikono ileile, hata ile alama ya kuungua na pasi.

"Mama," alisema. "Ni wewe?"

Mwanamke yule aliacha unga. Alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtia Ihssane baridi hadi kwenye mifupa.

"Mama yako amelala, mwanangu," alisema. "Punguza redio kidogo."

Ihssane akanyoosha mkono, akapunguza.