Udongo wa Velthur

Wanangu, na ninyi majirani mnaopenda kufunga milango, sikilizeni habari ya nyumba ya pili kutoka kwangu.

Asubuhi hiyo tulikuwa uani kwa Ramtha tukisokota sufu, uji wa ngano ukitokota. Mumewe Velthur, fundi wa sanamu za paa la hekalu, alikuwa akichanganya udongo nyuma ya mlango uliofungwa, kama siku zote.

Binti yake Thana akabisha hodi. "Baba, nikusaidie?"

"Kamsaidie mama yako kukanda unga. Udongo una mwenyewe."

Mkwewe Aule, mume wa Thana, akacheka. "Mzee, ukifa tutakuja kukugongea kaburini tukuulize."

"Gongeni. Sifungui."

Kicheko chetu hakijaisha, tukasikia kishindo. Tulimkuta chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa ganzi, ulimi hausemi.

Makuhani walikuwa wameagiza sanamu ya Menrva, mungu wetu wa kike, kwa ajili ya sikukuu. Ikikosekana, kazi ya hekalu ingehamia kwa wengine, na nyumba ile haikuwa na riziki nyingine. Thana na Aule wakaianza wenyewe. Walichekecha udongo ukawa laini kama siagi. Uso wa Menrva ulitoka mzuri hata nikataka kumwamkia.

Lakini Velthur hakutulia. Alisugua udongo kwa vidole, akatikisa kichwa, akahema. Akainuka akiburuta mguu, akavunja chungu cha mboga. Kesho yake akavunja vigae vya paa, akavisaga kwa jiwe, akamwaga chenga zake kwenye udongo wao.

"Mama, mzee anatuchafulia kazi," Aule akasema.

"Jamani mume wangu," Ramtha akalalamika, "sasa nitapikia nini?"

Wakaona amerukwa na akili, wakazichekecha zile chenga zikatoka zote. Wakaufunga mkono wake mzima kwenye kiti kwa utepe wa sufu. Hebu fikirini: huo ndio mkono aliobaki nao wa kusemea.

Sanamu ikaingia tanuruni. Tulizunguka uani, hakuna aliyeweza kukaa. Ukasikika mpasuko, kisha mwingine. Tanuru ilipopoa, Aule alimtoa Menrva vipande vipande kwa kikapu.

Thana akaenda jalalani kuvitupa, akaokota kipande cha sanamu ya zamani ya baba yake. Pale kilipovunjika akaona chenga za vigae zimejaa ndani. Hizo ndizo zilizouzuia udongo usipasuke motoni.

Akarudi, akafungua utepe. "Baba, kumbe ulikuwa unatuambia."

Velthur akautazama ule mlango wake, machozi yakimtoka.

Sanamu huchukua muda mrefu kukauka, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuanza upya. Sikukuu ilipambwa na mafundi wa mji mwingine, na hekalu liko mikononi mwao mpaka leo. Thana anauza vyungu sokoni. Ule mlango aliuchoma tanuruni.

Funzo

Wewe mwenye ujuzi, mfundishe mwanao, ulimi ukiwa bado unakutii. Ukiuficha ujuzi huo, hautakuwa wako wala wa mtu mwingine. Nanyi watoto, mgonjwa asiyeweza kusema akirudia jambo lile lile, msikimbilie kumfunga. Kaeni chini naye, mtazame mkono wake unafanya nini.