Mgongo wa Nyumba

Kila asubuhi Zenaida alisuuza mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa ili maganda yatoke, kisha bibi yake, Eulalia, akayasaga na kuchoma chapati. Ulikuwa mwezi mmoja tu tangu ahamie mlimani kutoka mjini, alikozoea Kihispania. Kimishteki, lugha ya Bibi, alikielewa nusunusu. Aliona haya kusema hivyo, basi akiambiwa jambo huitikia tu.

Siku hiyo Bibi alimkabidhi ungo wa mbegu za mahindi, zilizochaguliwa moja moja kwa ajili ya kupanda.

“Kazianike mgongoni mwa nyumba, mjukuu wangu,” akasema kwa Kimishteki. “Umeelewa?”

“Ndiyo, Bibi!”

Zenaida akazunguka nyuma ya nyumba, akauweka ungo chini, akaenda kuchota maji. Aliporudi, bata mzinga watano walikuwa wamesimama kando ya ungo mtupu, wamevimba vifua kwa shibe.

Binamu yake Adelfa, aliyekuwa akichungulia uani, alicheka hadi akashika mbavu. “We mtoto wa mjini, umewaandalia karamu? Sema upepo umezipeperusha. Bibi hatajua!”

Zenaida akatazama mlango wa jikoni. Mvua zikifika, Bibi atapanda nini? Akaingia na ungo wake mtupu.

“Bibi, bata mzinga wamekula mbegu zote. Sikuelewa, nikasema nimeelewa.”

“Uliziweka wapi?”

“Mgongoni. Kule nyuma.” Akajigusa mgongo.

Bibi akaangua kicheko. “Huo ni mgongo wa mtu! Nyumba haisimami kama mtu, mwanangu. Imesimama kwa miguu minne, kama punda. Haya, mgongo wa punda uko wapi?”

“Juu… Ni paa!”

“Ehee!” Bibi akaangusha mafungu ya mahindi ya akiba kutoka darini. “Utayapukuchua haya yote. Na huyo mshauri wa upepo, aliyepiga kelele nikamsikia, atakusaidia.”

Adelfa akanywea. Walipukuchua hadi vidole vikawa vyekundu, kisha Zenaida akapanda ngazi na kuzianika mbegu juu ya paa.

“Sasa hilo kapu la magunzi liweke tumboni mwa meza,” Bibi akasema.

Zenaida alitaka kuitikia, akajizuia. “Bibi, meza nayo ni punda?”

“Punda kabisa!”

Akalisukuma kapu chini ya meza.

“Uliza hivyohivyo,” Bibi akamwambia. “Kutojua si aibu. Aibu ni kuitikia usichokielewa. Na tena, bata mzinga wangu wameshashiba.”