Godoro la Gigabaiti Nne

Meseji iliingia saa nne kasoro dakika mbili asubuhi.

"Chai imemwagika. Futa."

Tandu aliisoma huku anapanda ngazi mbili mbili, boksi la vifaa mkononi, ovaroli la kujifanya fundi wa AC mwilini. Chai ni seva ya yadi ya makontena. Kufuta ni kuiamsha, kwa njia yoyote ile.

"Makao, nina muda gani?" aliwanong'oneza makao makuu kwenye kidude cha sikioni.

"Seva ililala saa tatu na dakika kumi. Utaratibu wao unaujua. Mtambo ukilala saa nzima, geti linahamia kwenye karatasi."

"Karatasi anasaini nani?"

"Mjomba."

Mjomba alikuwa msimamizi wa geti. Kila mtu pale alimwita hivyo kwa sababu ya upole wake.

"Na kikosi chetu?"

"Dakika arobaini."

Tandu alitazama saa yake ya Casio. Yeye alikuwa na kumi na mbili.

Pale chini uani kulikuwa na makontena mawili yaliyofanana kama mapacha. Moja lilibeba dawa za dripu. La pili lilibeba chupa za maji ya bomba zenye lebo safi kabisa za dripu. Ndani ya seva, la pili lilikuwa na alama nyekundu: lisitoke. Kwenye karatasi hakuna nyekundu. Kuna saini tu.

Na lori litakalotoka linakwenda moja kwa moja hospitali. Wodi ya pili, kitanda cha dirishani, mdogo wake Tandu alikuwa siku ya nne anaisubiri dripu hiyo.

Kufuli la chumba cha seva lilichukua sekunde tisa.

Ndani kulikuwa na baridi kali na mlio wa feni. Alichomoa kompyuta yake ya ThinkPad, akaunga waya, akapiga simu kwa msimamizi wa seva, ambaye siku hiyo alikuwa likizo.

"Dada, ni mimi, fundi wa juzi. Seva yako imekufa."

"Na mimi niko saluni, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Haijafa hiyo. Nafasi kwenye diski?"

Tandu aliandika amri. Jibu likaja.

"Imejaa. Asilimia mia."

"Angalia faili la kumbukumbu, lile linaloandika kila tukio."

Lilikuwa limevimba vibaya mno. Tandu akalifuta. Akapima tena.

Asilimia mia.

"Nimelifuta na nafasi hairudi."

"Kwa sababu seva bado imelishika. Mpaka iliachie."

"Niizime kwa nguvu?"

"Usithubutu. Ukiikata hivyo orodha inaweza kuharibika, na alama zote nyekundu ziende nayo."

Dakika sita.

Chini uani lori liliwashwa. Tandu alilisikia kupitia ukuta.

"Dada, mdogo wangu yuko wodini."

Simuni ikasikika sauti ya kiti kikisogezwa.

"Sikia. Kuna faili linaitwa godoro. Gigabaiti nne za takataka tupu, nimeliweka mwenyewe. Kila diski yangu ina godoro. Siku ikijaa, unalitoa, seva inapata pa kupumulia. Ofisini wananicheka."

"Hapa hakuna anayecheka."

Alilifuta godoro. Feni zikabadilisha sauti.

Seva ikapumua.

Lakini nafasi ilianza kuliwa tena. Gigabaiti moja, ikaenda. Kuna mtu alikuwa anaendelea kumwaga takataka humo ndani. Tandu akajaribu kuingia.

*Miunganisho imejaa.*

"Dada, viti vyote vimekaliwa."

"Kimoja huwa kimewekwa akiba, cha msimamizi. Ingia na akaunti yangu."

"Neno la siri?"

"Nilitaje hapa, saluni nzima isikie? Nakutumia meseji."

Dakika mbili. Gigabaiti moja na nusu imebaki.

Meseji iliingia. Akakosea herufi. Akaandika upya.

Akaingia.

Orodha ya miunganisho ikamwagika kwenye kioo. Tisini na tisa, yote kutoka kompyuta moja. Kompyuta ya ofisi ya geti. Mjomba hakuweza kuacha kiti chake asubuhi hiyo, maana ndiye wa kusaini, basi uchafu wote kaufanyia palepale mezani kwake.

Tandu akaikata yote kwa amri moja.

Kimya. Gigabaiti zikaanza kurudi.

Mlango ukafunguliwa kwa teke.

Mjomba alikuwa anahema, Glock mkononi, jasho linamtiririka. "Fundi wa AC," alisema kwa upole uleule. "Mwanangu, toka kwenye hiyo mashine."

"Umechelewa, Mjomba. Sogea uone geti lako."

Akageuza macho kwenye kioo. Nusu sekunde tu.

Tandu aliusukuma mlango wa chuma wa kabati la seva ukambana kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Kiwiko kimoja shingoni, na Mjomba akakaa sakafuni kama mtu aliyechoka na kazi. Waya wa mtandao ukamfunga mikono.

Kwenye picha za kamera, kizuizi cha geti kilishuka mbele ya pua ya lori. Mlinzi alitazama kioo chake, akamwonyesha dereva ishara ya kurudi nyuma. Lori lingine, lile la dawa za kweli, likasogea mbele. Kijani.

Saa nne na dakika tisa.

"Makao, chai imefutwa. Kuna mzigo sakafuni, mje muuchukue."

Simu ya saluni ilikuwa bado hewani.

"We fundi. Imeamka?"

"Imeamka."

"Basi tandika godoro langu kabla hujatoka."

Tandu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Akaandika amri, gigabaiti nne za takataka zikarudi mahali pake. Akafunga boksi, akamruka Mjomba, akashuka ngazi moja moja.

Getini mlinzi alimuuliza kama AC imepona.

"Ilikuwa imejaa uchafu tu," alisema, akatoka nyuma ya lori la dawa akitembea taratibu.