Jibu la Uongo

Begi lilikuwa limeshamezwa na mkanda wa ukaguzi na mkunga ameshaagana na watu wake, ndipo karani wa uwanja wa ndege aliporudisha pasipoti. "Safari yako ilifutwa juzi, dada. Umeifuta mwenyewe."

Kabla ya adhuhuri alikuwa mbele ya Inspekta, ambaye kituoni walimwita Kobe kwa mwendo wake. Dada mkubwa wa mkunga alikaa pembeni, kapakata mkoba.

"Hospitali ya ng'ambo iliyoniajiri nayo imepata barua pepe kutoka kwangu, kwamba kazi siitaki," mkunga alisema. "Sikuiandika mimi. Wasiponisikia leo, nafasi anapewa mwingine."

"Ni wale wezi wa mtandaoni," dada akadakia. "Si walidukua kampuni ya simu mwezi uliopita? Taarifa za watu zimemwagika kama mtama."

Kobe akamgeukia mkunga. "Baada ya udukuzi ule ulifanya nini?"

"Nilibadili nywila zote. Na lile swali la siri, shule yangu ya kwanza, nikalijibu uongo kama tulivyoshauriwa. Ukweli si walishauiba?"

Kobe aliwapigia wataalamu wa uchunguzi wa kidijitali. Akasikiliza, akaguna, akakata simu.

"Aliyeingia kwenye barua pepe yako alidai amesahau nywila. Akaulizwa shule ya kwanza. Akajibu mara moja tu: jikoni kwa bibi."

"Ndio uongo wangu huo," mkunga alisema.

"Mwizi wa mbali angejibu ukweli, maana ndio alioiba. Huyu kajibu uongo. Nani aliujua?"

"Tuliucheka pamoja," mkunga alisema polepole. "Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Dada ndiye aliyeniandikia."

Kobe akanyoosha mkono. "Bibie, nipe simu yako."

Dada hakuitoa. Aliuweka mkoba mezani, taratibu.

"Ukunga nimemfundisha mimi. Tuliomba kazi siku moja, meza moja. Kaitwa yeye. Kila mgeni akija, mama anamwonyesha barua ya mdogo wangu ukutani. Yangu ya kukataliwa nilifungia sabuni. Nilitaka abaki tu, tuwe sawa."

"Ungeniambia, dada."

"Nikwambie nini? Kwamba nakuonea kijicho?"

Barua ya polisi ilifika hospitalini ng'ambo kabla ofisi hazijafungwa. Mkunga alisafiri wiki mbili baadaye. Dada alipewa kifungo cha nje cha miezi sita, na wodini hakurudi. Mama aliibandua ile barua ukutani. Kobe alipewa faili jingine. Mkunga aliweka jibu jipya, na hilo hakumwambia mtu.